Unywele Mmoja wa Mpira

Hii ilikuwa pikipiki ya tano, na Wiebke Dallmann alikuwa amechoka kabla hata hajavua kofia.

Alibaki ameketi juu ya pikipiki yake kubwa, katika ua wa watu asiowajua, mguu mmoja chini, akisikiliza injini yake ikitoa ile milio midogo ya chuma kinachopoa. Binamu yake Detmar alikuwa ameshashuka, ameshavua glavu, na tochi ameshaitoa mfukoni. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua la Aprili limejaa ua mzima, lakini Detmar hakuwahi kukagua pikipiki ya mtu bila tochi.

"Shuka basi, binamu," alisema. "Au unataka wakuletee kitanda?"

"Wakiniletea nitalala."

Hakuwa anatania. Jana yake ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku yake ya mapumziko kutoka hospitali ya Hildesheim, kwenye kitengo cha wagonjwa wa figo, ambako kwa siku nne za juma huwaunganisha watu na mashine ya kusafisha damu. Siku ya tano hupanda pikipiki kwenda Leer kumwona mama yake katika nyumba ya kulelea wazee, saa tatu za barabara kuu kwenda na saa tatu kurudi, na barabara yenyewe imenyooka kama meza. Miaka miwili sasa. Tairi la nyuma la ile pikipiki kubwa lilikuwa limelika katikati tu, limekuwa bapa kama tairi la gari, huku pembeni likibaki jipya. Ukiitaka ikate kona, hukataa kwanza, kisha huanguka upande kwa ghafla kama mtu aliyesinzia kitini.

Aliipenda hata hivyo. Aliipenda kama unavyompenda mfanyakazi mwenzako asiyekosa zamu. Ilikuwa na kioo kirefu cha kuzuia upepo na masanduku matatu ya mizigo, na haikuwahi kumwacha njiani hata siku moja.

Lakini mwezi wa Januari, akiwa kwenye foleni ya dukani na mkate mkononi, aliona jarida lenye picha ya pikipiki ndogo, nyembamba, imelala kwenye kona ya msituni, na akaitaka. Alishtuka. Ilikuwa zamani tangu alipotaka kitu. Chakula alikuwa anakula kwa sababu saa imefika, likizo alikuwa anazichukua kwa sababu ofisi imemkumbusha. Na sasa hiki hapa, kitu kidogo, kinamgonga kifuani. Akawaza: ile kubwa ibaki ya kwenda kwa Mama, na nyingine, nyepesi, iwe ya Jumapili asubuhi na kona za kando ya mto Weser. Ya kwenda mahali ambapo hakuna anayemsubiri.

Basi akaanza kutafuta, na Detmar akajipa kazi ya kumsindikiza. Ya kwanza ilikuwa imeangushwa na kupakwa rangi upya. Ya pili, mwenye nayo alidanganya umri wa pikipiki. Ya tatu ilimlaza kifudifudi juu ya tangi hadi viganja vikafa ganzi. Ya nne haikuwa na kosa lolote; aliiendesha robo saa, akairudisha, akagundua hakuhisi chochote, na hilo ndilo lililomwogopesha kuliko yote. Kwamba kile kitu cha Januari kinaanza kunyamaza.

Asubuhi hii, kabla ya kuwasha, alimwambia Detmar: "Leo ndio mwisho. Kama si hii, naachana na jambo lenyewe."

"Ndiyo maana nimekuja na tochi," Detmar alijibu.

Mlango wa karakana ukafunguka. Mwenye pikipiki aliitwa Gernot Pape, seremala, mtu wa miaka hamsini hivi, mabega mapana, kicheko kikubwa kilichotangulia hata salamu. Harufu ya mbao mbichi ilitoka pamoja naye. Nyuma yake mkewe, Ilka, alisimama kwenye ngazi za nyumba na taulo la jikoni begani.

"Karibuni, karibuni! Ni Gernot tu, hapa hatuna ubwana," alisema. "Nani mnunuzi? Wewe mzee?"

"Mzee ni babu yako," Detmar alisema. "Mnunuzi ni huyu dada. Mimi ndiye wa kukuharibia siku."

"Haya, niharibie. Ila kahawa iko tayari, na Ilka ameoka keki ya siagi. Ukiniharibia sana, utakula bila sukari."

"Keki imeshawekwa sukari," Ilka alisema kutoka ngazini, bila kutabasamu. Alikuwa anaitazama pikipiki kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumng'ata.

Ilikuwa pikipiki ya buluu iliyokoza, ya silinda tatu, ndogo kiasi kwamba kando ya ile ya Wiebke ilionekana kama mtoto aliyekuja kazini na mzazi wake. Usukani haukuwa chini mno. Kibao cha namba kilionyesha miezi inayoruhusiwa barabarani, wa nne hadi wa kumi. Ilikuwa imeamka juzi tu.

Detmar alianza kazi. Alimulika cheni, akamulika breki, akagonga tangi kwa kifundo cha kidole kama mtu anayenunua tikiti maji. Kuchuchumaa hakuweza, magoti yake yalikwisha zamani, kwa hiyo alikagua kila kitu akiwa ameinama nusu, mkono mmoja kiunoni. Mwishowe akafika kwenye tairi la nyuma, akapiga mluzi.

"Binamu, njoo uone."

Wiebke alisogea. Hakuhitaji kuambiwa anatazama nini. Tairi la pikipiki hulika hadi pale mwendeshaji anapothubutu kuilaza. Anayeogopa kona hubaki na mpira mpya pembeni, na mpira huo kila mahali wanapokutana wenye pikipiki una jina: ukanda wa woga. Watu wazima, wenye wajukuu, hufika kwenye kibanda cha soseji kando ya mto, huvua kofia, hununua kahawa, na jambo la kwanza hutembea polepole nyuma ya pikipiki za wenzao wakisoma matairi. Hapo ndipo mtu hupata heshima ya msimu mzima, au hutaniwa msimu mzima.

Tairi la Gernot halikuwa na ukanda wowote. Lilikuwa limekwaruzika hadi ukingoni kabisa, kulia na kushoto.

"Loo," Detmar alisema. "Wewe huiendeshi, wewe unafagia barabara."

Gernot alicheka. "Mimi nailaza, bwana. Nikitoka, goti linagusa lami. Waulize pale kibandani."

"Si lazima niulize, naona."

Ilka alisema, "Miaka mitatu, kila Jumamosi, mimi hapa dirishani nasikiliza kama kuna king'ora." Akalitoa taulo begani, akalikunja, akalikunjua. "Nimemwambia, ama iondoke hii, ama niondoke mimi nikaishi kwa dada yangu."

"Ndiyo maana inaondoka," Gernot alisema, na kicheko chake kikapungua kidogo. "Kwa ajili ya huyu hapa."

Detmar alimshika Wiebke kiwiko, akamvuta kando hadi karibu na rundo la mbao. Alijaribu kunong'ona, lakini kunong'ona kwa Detmar watu husikia hadi kanisani.

"Twende zetu. Hii imechoshwa. Mtu anayelaza namna ile hukamua injini ingali baridi, hupiga gia kama anapiga nyoka. Utanunua mifupa mitupu."

"Mashine inasikika vizuri."

"Hata mimi nasikika vizuri. Muulize daktari wangu."

Wiebke alitazama chini. Uchovu ulimjia wote kwa pamoja, ule wa jana na wa majuma yote ya nyuma, na ukamwambia kwa sauti ya upole sana kwamba Detmar anasema kweli. Ilikuwa rahisi hivyo. Angesema asante, wangeondoka, na jioni hii angekuwa mtu asiyetafuta kitu. Hata aliona jinsi ambavyo ingekuwa nafuu.

"Sawa," alisema. "Subiri tu nipumzishe miguu."

Ua haukuwa na kiti. Basi akarudi kwenye pikipiki, akachuchumaa nyuma yake, mkono juu ya kiti chake, akijifanya anakagua. Akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua, ukingo wa tairi ulikuwa kiganja kimoja kutoka usoni mwake.

Mpira uliosagwa na barabara hujikunja. Huwa na vinundu vidogo, kama kifutio cha penseli kilichofanya kazi. Hapa palikuwa laini. Mikwaruzo yote ilikwenda upande mmoja, imepangana, imelingana, kazi nzuri ya mkono wenye subira, kama mlango unaotayarishwa kupakwa rangi. Kwenye mshono karibu na rimu palikuwa na vumbi jeusi, laini kama unga. Na pale, ukingoni kabisa, umesimama wima, palikuwa na unywele mmoja wa mpira, urefu wa punje ya mchele, wa zile nywele ambazo tairi huja nazo kutoka kiwandani na ambazo hukatika siku ya kwanza tairi linapogusa lami mahali pale.

Mahali pale hapakuwahi kugusa lami. Palipigwa msasa.

Akatazama vile vijiti vya chini ya mahali pa kuwekea miguu, ambavyo hukwaruza kwanza mtu akilaza. Vilikuwa bado na rangi yote, bila mkwaruzo.

Aliinua macho. Gernot alikuwa ameacha kuongea na Detmar. Alikuwa anamtazama yeye, na mikono yake mikubwa ilikuwa imeshikana mbele ya aproni, kidole gumba kikisugua kingine. Wiebke aliifahamu mikono hiyo. Kazini waliingia wanaume wa namna hii kila juma, waliowachekesha wauguzi wote tangu mlangoni, waliosema sindano kwao ni kama mbu. Na vicheko vyao vilipanda sauti kadiri sindano ilivyokaribia. Huwaambii kwamba wanaogopa. Unashika mkono tu kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, unaongea juu ya hali ya hewa.

Angeweza kusema. Maneno mawili tu, na Detmar angepiga kelele ya furaha: pikipiki hii haijawahi kunyanyaswa hata siku moja, ichukue! Lakini Detmar angeyasema tena pale kibandani, na angeyasema leo, saa hii, mbele ya mwanamke mwenye taulo.

Wiebke alinyoosha kucha mbili, akaubana ule unywele, akaukata. Akauingiza ndani ya glavu yake.

"Nataka kuijaribu," alisema.

"Ya nini tena?" Detmar aliuliza. "Si tumesema tunaondoka?"

"Wewe ndiye uliyesema. Nenda ukale keki."

Alimkabidhi Gernot ufunguo wa ile kubwa kama dhamana, akavaa kofia, akatoka langoni polepole.

Kijiji kiliisha baada ya nyumba nane. Barabara ilishuka kuelekea mto, kisha ikaanza kujipinda, kushoto, kulia, kushoto, huku maji yakionekana na kupotea kati ya miti ambayo ilikuwa bado haijaamua kuota majani. Mwanzoni alifanya makosa ya mtu aliyezoea uzito: alisukuma usukani kwa nguvu, na pikipiki ikaingia ndani ya kona kabla hajamaliza kuwaza. Kona ya pili alisukuma nusu. Ya tatu alitazama tu kule anakotaka kwenda, na ikaenda.

Hakwenda kasi. Hakulaza goti wala nini. Waendeshaji wawili walikuja mbele yake, wakashusha mikono ya kushoto kumsalimu, naye akachelewa kujibu kwa uchovu, mkono wake ukapunga hewa tupu. Alicheka peke yake ndani ya kofia. Kisha akapiga miayo, mirefu, hadi macho yakatoka machozi, na alipomaliza alijikuta anaitafuta kona inayofuata kwa macho kama mtu anayetafuta uso anaoujua kituoni. Basi. Bado kipo, alijiambia, kile kitu cha Januari. Hakijanyamaza.

Aligeuza mahali palipo na kivuko cha mto, akarudi.

Uani alikuwepo Gernot peke yake, ameketi juu ya rundo la mbao. Sauti ya Detmar ilisikika kutoka jikoni akisimulia jambo refu. Wiebke alizima injini.

"Umeona," Gernot alisema. Hakucheka.

"Palibaki unywele mmoja. Upande wa kulia."

Akafunika uso kwa kiganja. "Seremala miaka thelathini," alisema kupitia vidoleni, "na nimeacha kazi haijaisha."

Wiebke aliketi kando yake. 

"Sikuanguka hata," alisema Gernot. "Hilo ndilo la aibu. Miaka mitatu iliyopita, changarawe kwenye kona, tairi likateleza kiasi hiki." Akaonyesha upana wa kidole. "Likashika tena. Hakuna kilichotokea. Lakini tangu siku ile nikiona kona mabega yanakuwa ubao. Natoka Jumamosi, naenda barabara ya chini iliyonyooka, nakaa kwenye benchi la kivuko kwa saa mbili, narudi. Na pale kibandani kuna bwana mmoja, kila akipita nyuma ya pikipiki yangu anaimba nyimbo za watoto za kulalia. Mbele za watu wote. Basi mwezi wa Machi nikachukua msasa."

"Na Ilka?"

"Ilka anadhani kweli nailaza. Nimemwacha adhani. Nilionekana mwanamume wa namna fulani, unaelewa? Nikamwambia nauza kwa ajili yake." Akatikisa kichwa. "Miaka mitatu amekaa dirishani akiniogopea, nami niko kwenye benchi natazama bata."

Wiebke alikuwa na haya ya kuwaambia watu wakubwa la kufanya. Alizungusha glavu yake mikononi.

"Kule kazini," alisema mwishowe, "wanaosema wanaogopa huwa tunawapa kiti cha karibu na dirisha. Ni kiti kizuri." Kisha, kwa kuwa hilo halikutosha: "Mwambie siku moja. Si lazima leo. Nadhani atafurahi kuhusu wale bata."

Gernot alitoa sauti ambayo karibu iwe kicheko, kidogo kuliko vile vya mwanzo.

Mlango ukafunguka. Detmar alitoka na makombo kwenye ndevu, Ilka nyuma yake amebeba vikombe.

"Haya binamu, umeridhika? Twende?"

"Naichukua," Wiebke alisema.

"Unachukua nini?"

"Hii. Kwa bei ile ile aliyoitangaza."

Detmar alimtazama, akalitazama tairi, akamtazama tena. "Huna macho? Mtu amekuonyesha mwenyewe kwamba ameiua, nawe unasema nifungie niende nayo? Hata punguzo hutaki?"

"Nimeipenda."

"Ameipenda!" Detmar aliiambia mbingu. "Ilka, wewe ni shahidi. Ikifa Juni, nataka useme nilikuwepo na nilikataza."

"Haitakufa Juni," Wiebke alisema.

"Umejuaje?"

Aliliona jibu limesimama pale mbele yake, dogo, wima. Aliliacha. Alijua kwamba kuanzia leo, kwenye kila harusi na kila mazishi ya ukoo, Detmar angesimulia jinsi binamu yake msomi alivyonunua mifupa ya pikipiki mchana kweupe. Angeisimulia vizuri, watu wangecheka. Naye angekuwepo, na sahani yake, amenyamaza.

"Nimejua tu," alisema.

Gernot alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. Alipoinuka alisema ataileta mwenyewe Jumatatu kwa gari la karakana, na kwamba ataiwekea tairi jipya nyuma, bure, hili limekwisha.

"Angalau," Detmar alisema. "Angalau hilo."

Ilka alimpa Wiebke kikombe cha kahawa na kipande cha keki juu ya karatasi. "Nitalala Jumamosi," alisema taratibu, kama mtu anayejaribu sentensi ya lugha ngeni. Wiebke alimtazama Gernot. Gernot alitazama buti zake, kisha akamtazama mkewe, kwa muda mrefu kuliko alivyozoea.

Ijumaa iliyofuata mvua ilinyesha njia nzima hadi Leer. Ile pikipiki kubwa ilimbeba kama inavyombeba siku zote, bila neno. Katika chumba cha mama yake, Wiebke alitundika koti juu ya kipasha joto, akatia donge la sukari ya mawe katika kila kikombe, akamimina chai juu yake, akasikiliza donge likipasuka, akaweka krimu bila kukoroga. Mama yake alifuatilia kila hatua kwa macho. Kuna siku humwita Wiebke kwa jina la shangazi yake, leo alimjua.

"Umechoka, mwanangu."

"Nimechoka, Mama."

"Si urudi ukalale?"

"Nitalala. Kesho nitalala." Aliingiza mkono katika glavu kuona kama imekauka, na ncha ya kidole chake ikagusa kitu kidogo, cha mpira, urefu wa punje ya mchele. Akakiacha palepale. "Ila Jumapili nataka kutoka."

"Kwenda wapi?"

"Hakuna mahali. Kuna kona fulani kando ya mto."

Mama yake alifikiri juu ya jambo hilo, akanywa chai kidogo.

"Basi vaa vizuri," alisema. "Kutakuwa na upepo."